Kibati Kisichoungua

Mhadhara uliotolewa kwa wakazi wa Moi's Bridge, juu ya namna mabaki ya ndege iliyoshambuliwa yanavyotambuliwa



Mzee mmoja alinisimamisha pale mlangoni akaniuliza, mabaki ya ndege na sisi ni wapi na wapi? Sisi ni watu wa mahindi na trekta. Ndege tunaziona zikishuka kuelekea Eldoret, basi. Mzee, umeuliza vyema, na jibu nitalianzia kwenye daraja lenu.

Wazee waliopo hapa waliukuta mji huu ukiitwa Hoey's Bridge, kwa ajili ya mlowezi Arthur Cecil Hoey na daraja lake la kuvukia mto Nzoia. Leo ni Moi's Bridge. Barua iliyoandikwa zamani ina jina moja, kitambulisho cha mjukuu kina jina lingine, na mgeni asiyejua atadhani ni miji miwili. Lakini Nzoia ni ileile. Ndege nayo iko hivyo. Ile alama unayoiona mkiani, 5Y kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 5H kwa Tanzania, 9XR kwa Rwanda, ni jina la kupewa. Ndege ikiuzwa Kongo, mchoraji anafuta 5Y anaandika 9Q, na asubuhi inaruka na jina jipya. Kuna nambari nyingine ambayo kiwanda kiliipa siku ilipozaliwa, na hiyo haiuzwi wala haifutwi. Mpelelezi anayeinama barabarani juu ya kipande cha chuma kilichoungua anautafuta mto, hatafuti daraja.

Sasa kisa cha jirani yangu. Ana kinu cha posho. Miaka michache iliyopita aliamka akakuta mota imeng'olewa usiku. Siku ya nne akaiona kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, imelazwa kando ya mizani. Kibati cha kiwanda kilikuwa kimebanduliwa kwa patasi. Mnunuzi akasema mota ni mota, zote zinafanana. Jirani yangu hakubishana. Alisema tu, mbele ya askari na mbele ya watu: kabla hamjaigeuza, sikilizeni. Mguu wa nyuma wa kushoto ulivunjika nikauchomelea mwenyewe. Mshono una urefu wa vidole vitatu na mwisho wake umepinda, kwa sababu umeme ulikatika nikaumalizia kesho yake. Wakaigeuza. Mshono ukawa hapo, na umepinda.

Angalieni alichofanya. Alisema kwanza, kisha wakatazama. Angetazama kwanza kisha akasema, asingekuwa na ushahidi wowote. Lakini kisa hakikuishia hapo. Askari alimwuliza mnunuzi, nani alikuletea? Akasema aliletewa na kijana wa bodaboda asiyemfahamu, hakuandika popote. Kwa hiyo mota ilijulikana ni ya nani, na mwizi hajulikani hadi leo. Naomba mkishike kisa hiki, kwa sababu nitawapeleka mbali na nitarudi nacho.

Tuingie kwenye chuma chenyewe. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, una Kiambatisho cha 7 kinachoagiza kila ndege ibebe kibati cha madini yasiyoungua, kimeandikwa alama ya usajili, kifungwe mahali pa kuonekana karibu na mlango mkuu. Walioitunga sheria hiyo walijua ndege huanguka, na wakataka jina lake libaki. Kwa nini kisichoungua? Nyinyi mnaosubu sufuria pale sokoni mnajua jibu kuliko mimi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Sufuria ya githeri ikisahauliwa mekoni hadi ikauke, kitako chake kinakwenda. Ngozi ya ndege nyingi ni alumini, na ndege iliyojaa mafuta ikiwaka, mwili wake hutiririka kama nta na kuganda chini kama ugali uliomwagika. Titani inahitaji zaidi ya nyuzi 1,600. Ndiyo maana baada ya moto mkubwa utakuta miguu ya magurudumu, mashina ya injini, na sehemu zilizotengenezwa kwa chuma cha pua na titani.

Bahati njema, hizo ndizo zenye nambari nyingi. Ndani ya injini ya jeti kuna mapanga mengi, na sehemu zinazozunguka kwa kasi huandikwa nambari ya kipuri na nambari yake binafsi. Kipuri cha namna hiyo kina umri wa kuishi unaohesabiwa kwa safari. Kila kikifungwa na kila kikifunguliwa, fundi anaandika kwenye daftari na kutia sahihi. Nambari inasema hiki ni kitu gani. Daftari linasema kilifungwa kwenye ndege gani, siku gani, na nani. Nambari bila daftari ni kama jina la mtu aliyeokotwa njiani na hakuna kijiji kinachomdai.

Na kama ndege ilipigwa? Hapo tunasoma matundu. Mwenye kutoboa bati kwa msumari anajua: upande msumari unakoingilia bati huzama, upande unakotokea huchanua. Kombora la kutungua ndege mara nyingi hulipuka karibu na kutawanya vipande vidogo vya chuma. Matundu mengi yaliyozama kutoka nje, yamesongamana upande mmoja, hayatokani na injini iliyopasuka. Ndege ya Malaysia Airlines ilipotunguliwa mashariki mwa Ukraine mwezi wa Julai 2014, watu 298 wakafa. Waholanzi walikusanya mabaki, wakayaunganisha upya ndani ya jengo kama mtu anayeunganisha chungu, na miongoni mwa vipande vilivyopatikana vikawemo vyenye umbo la tai ya kipepeo. Umbo hilo lilielekeza kwenye aina mahususi ya kichwa cha kombora la Buk. Kipande kisichofikia ukubwa wa kidole gumba kilitaja silaha.

Lakini msidhani nambari hujibu kila swali. Mnakumbuka Septemba 11, 2001, ndege mbili zilipoelekezwa kwenye majengo pacha ya New York. Vipande vilipita upande wa pili wa majengo vikaanguka mitaani. Shina la injini lilionekana kwenye makutano ya barabara za Church na Murray. Miaka kumi na miwili karibu ikapita. Aprili 2013 watu waliokuwa wakipima jengo karibu na hapo waliona chuma kimekwama kwenye mwanya mwembamba kati ya kuta mbili, mahali ambapo mtu mnene hawezi kupita. Kilikuwa na urefu wa kama mita moja na nusu na kilizongwa na kamba. Kwanza wakasema ni mguu wa magurudumu. Polisi wakauzungushia mwanya huo ulinzi, udongo ukachungwa isije ikawa kuna masalia ya binadamu. Chuma kilikuwa na nambari ya Boeing. Boeing wakarekebisha: si mguu, ni sehemu ya kushikilia ule mkunjo wa nyuma ya bawa unaoshushwa ndege inapotua, na ni wa Boeing 767. Vizuri. Lakini ndege zote mbili zilizopiga majengo yale zilikuwa 767. Nambari iliyopatikana ilitaja ukoo, haikumtaja mtoto.

Mimi napenda sana kisa hicho kwa sababu ya ile kamba. Kila mtu alijiuliza imefikaje hapo, na kila mtu akaanza kudhani. Kumbe mahali pa kitu na hali kilivyokutwa ni nusu ya kitu chenyewe, na hiyo nusu ndiyo rahisi kuharibika.

Turudi kwetu. Oktoba 3, 1993, mjini Mogadishu, wapiganaji wa Jenerali Aideed waliangusha helikopta mbili za Marekani aina ya Black Hawk, si mbali na soko la Bakaara. Wanajeshi 18 wa Marekani walikufa katika mapigano hayo, na Wasomali mamia. Hapo hapakuwa na fumbo la kutambua. Kila mtu alijua ni nini kimeanguka na ni cha nani. Kilichonivuta ni maisha ya mabaki yenyewe. Watu walichukua walichoweza. Kilichobaki cha helikopta ya kwanza kilikaa palepale mtaani, mpungate ukaota juu yake ukakifunika, vita vikapita juu yake mara nyingi. Mwaka 2013, miaka ishirini baadaye, kikafukuliwa na kupelekwa kwenye jumba la makumbusho huko Fayetteville, North Carolina. Kipande kilichodumu ni kile ambacho miiba ilikilinda na mikono.

Na Mei 4, 2020, ndege ya Kenya, Embraer 120 ya shirika la African Express, ilipigwa ikiwa inakaribia kutua Bardale, Somalia. Ilibeba vifaa vya kusaidia kupambana na korona. Watu sita wakafa. Tulikuwa tumejifungia majumbani na wengi wetu tukaisikia habari hiyo nusunusu. Pale, maungamo yalitangulia uchunguzi wa vyuma: jeshi la Ethiopia liliueleza Umoja wa Afrika kwamba ni askari wake waliofyatua, wakiidhania ndege ya kujilipua. Si kawaida. Kawaida chuma ndicho kinachobaki kuulizwa.

Kiliulizwa Mombasa. Novemba 28, 2002, asubuhi, hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, Wakenya kumi na Waisraeli watatu wakafa. Karibu wakati uleule, ndege ya Arkia, Boeing 757 iliyobeba abiria 261, ilikuwa ndiyo kwanza imeruka kutoka uwanja wa Moi, na makombora mawili yakafyatuliwa kuielekea. Yote yakakosa, na ndege ikafika Tel Aviv salama. Hakukuwa na mabaki ya ndege ya kuokota. Kulikuwa na mitutu miwili ya kurushia, imeachwa nyasini upande wa Changamwe. Polisi waliipata, ikashikwa, ikapigwa picha, nambari zake zikanakiliwa. Zilionekana kukaribiana na za mtutu uliopatikana mwaka uleule karibu na kambi ya jeshi la anga Saudi Arabia. Jopo la Umoja wa Mataifa lililochunguza silaha za Somalia likaifuata njia yake: kutoka Yemen, kupitia Somalia, hadi Kenya kwa njia ya bahari. Mitutu ilikuwa mkononi, mahali palijulikana, siku ilijulikana. Kwa hiyo nambari zikaweza kusema.

Sasa nije Kigali, na hapa nitakaa.

Jioni ya Aprili 6, 1994, ndege ndogo ya jeti aina ya Falcon 50, usajili wake 9XR-NN, ilikuwa inarudi kutoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za ukanda huu. Ndani yake alikuwamo Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Watu 12 kwa jumla, watatu kati yao wahudumu Wafaransa. Ilipokuwa inashuka kutua ilipigwa kwa kombora, ikawaka, na ajabu ya mambo ikaangukia shamba la nyumba ya rais mwenyewe pale Kanombe. Usiku huohuo mauaji yakaanza, na kwa siku mia moja Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, pamoja na Wahutu waliokataa. Sisemi kwamba kombora liliyaleta mauaji hayo; mapanga, orodha na redio vilikuwa vimeandaliwa mapema. Nasema tu kwamba swali la nani alifyatua liliachwa kwenye shamba lenye vyuma vinavyofuka moshi, katika mji ambao kwa miezi mitatu hakuna mtu angeweza kuuchunguza.

Kisha ikatokea mitutu. Mwishoni mwa Aprili 1994 ilisemwa kwamba mitutu miwili imeokotwa Masaka. Si Masaka ya Uganda, ni Masaka ya karibu na Kigali, upande wa mashariki wa uwanja wa ndege. Ilipigwa picha. Nambari zake zikaandikwa, na zinasomeka hadi leo. Halafu mitutu yenyewe ikapelekwa Zaire, na huko ikapotea. Nani aliiokota hasa, nani aliibeba, nani alikuwa wa mwisho kuishika: ni kijana wa bodaboda.

Nambari zikabaki zikizunguka bila mwili. Jaji wa Ufaransa Jean-Louis Bruguière alizifuata hadi Moscow, akaandika kwamba zilikuwa za fungu lililouzwa Uganda, na mwaka 2006 akatoa hati za kukamatwa kwa watu wa karibu na Paul Kagame. Hakuwa amefika Kigali. Lakini wabunge wa Ufaransa waliokuwa wamezitazama zile picha mwaka 1998 walikuwa na shaka kubwa zaidi ya zote: huenda mitutu ile haikuwa imefyatuliwa kabisa. Mtutu uliojaa hauwezi kuwa ndio ulioangusha ndege. Nambari ilikuwa ya kweli, na bado haikuthibitisha chochote. Mnakumbuka mota ya jirani yangu: kitu kilijulikana, njia yake ikapotea. Huku ni vibaya zaidi, kitu chenyewe nacho hakipo kigeuzwe chali.

Ikaja na kioja cha kisanduku. Machi 2004 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kinasa sauti cha ndege kimepatikana kwenye kabati la mafaili, ndani ya makao yake makuu New York, kimelala huko miaka kumi. Waandishi wakaandika kwamba hatimaye sauti za ile Falcon zitasikika. Kikafunguliwa, kikasikilizwa, na wachunguzi wakaona kwamba si cha ndege ile. 

Mwaka 2010 majaji wengine wa Ufaransa, Marc Trévidic na Nathalie Poux, walifanya jambo ambalo fundi yeyote wa Moi's Bridge angelifanya siku ya kwanza. Walikwenda. Walichukua mtaalamu wa makombora, wa milipuko, marubani, na mpima ardhi. Mabaki yalikuwa bado yapo Kanombe. Wakayasoma, wakaona mlipuko ulitokea chini ya bawa la kushoto, karibu na mafuta. Wakapanga aina za makombora na kuziondoa moja baada ya nyingine hadi ikabaki SA-16 kama yenye uwezekano mkubwa. Kisha mtaalamu wa sauti akafanya hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifuata.

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja huchukua karibu sekunde tatu. Masaka iko zaidi ya kilomita mbili kutoka kwenye nyumba za kambi ya Kanombe. Kombora likifyatuliwa Masaka, mlio wake wa kuondoka utawafikia watu wa Kanombe baada ya sekunde sita au zaidi, na kufikia hapo ndege imekwisha kulipuka mbele ya macho yao. Lakini mashahidi waliokuwa ndani ya nyumba hizo walisema walisikia kwanza ule mvumo wa kuondoka, wakageuka, ndipo wakaona moto angani. Basi kilichofyatuliwa kilikuwa karibu nao. Ripoti ilipotolewa Januari 2012 ilielekeza kwenye eneo la kambi ya Kanombe, si Masaka. Kumbukumbu ya masikio ya watu wachache, pamoja na vyuma vilivyobaki Kanombe, vilifanya kazi ambayo mitutu yenye nambari safi ilishindwa kuifanya.

Kijana mmoja pale nyuma anatikisa kichwa, nadhani anataka kuuliza kama hapo ndipo nani-alifyatua kulipojulikana. Hapana. Ripoti ilisema kutoka wapi, haikusema kwa mkono wa nani. Desemba 2018 majaji wa Ufaransa waliifunga kesi bila kumfikisha mtu kizimbani, na mwaka 2022 mahakama ya juu ya huko ikaithibitisha hatua hiyo.

Nyumba ya Kanombe leo ni jumba la makumbusho. Wageni huonyeshwa vyumba, huonyeshwa bwawa la kuogelea, kisha hupelekwa kwenye ukuta wa nyuma wachungulie upande wa pili. Vipande vya ile Falcon viko hapo kwenye nyasi, mvua inavinyeshea, miaka zaidi ya thelathini sasa. Na ile mitutu ya Masaka ina nambari nzuri kabisa, zinazosomeka kwenye picha, na haipo.

Maswali.